Namba ya Bryson

Machi 24, Jumanne

Leo nimeanza kazi zahanati ya shamba la chai. Siyo ya kuchoma sindano. Nimeishia kidato cha pili, nani anipe sindano. Kazi yangu ni kuwaandika waliochomwa chanjo ya haya mafua mapya yanayoua watu. Daktari Valentino alitangaza anatafuta mtu mwenye mwandiko unaosomeka na asiyeogopa kompyuta. Mwandiko ninao. Kompyuta naiogopa ila sikumwambia.

Kila anayechomwa anaandikiwa madai yanayokwenda bima. Unaweka namba yake ya kazi, halafu msimbo wa chanjo, halafu msimbo wa kundi lake. Msimbo ni herufi na tarakimu zinazokaa badala ya maneno. Mzee ana wake, mwenye kifua ana wake, mjamzito ana wake, anayenyonyesha ana wake. Anayebaki ni "mtu mzima" tu. Daktari amebandika karatasi ya misimbo ukutani nami nimeikariri huku namnyonyesha mwanangu Ilham.

Mvua haijakata tangu Idi. Mgongo unauma lakini nina furaha. Mume wangu Twaha amerudi kutoka kiwandani ananuka chai mpaka kope, akaniuliza, "Sasa tukuite daktari?" Nikamwambia na shikamoo juu.

Machi 25

Watu wengi. Mvua. Mchana Ilham mgongoni kwangu, jioni kwa jirani.

Machi 27, Ijumaa

Jirani ninayemwachia Ilham jioni jioni ni Janeth, chumba cha mbele yetu hapa laini ya tatu ya nyumba za shamba. Ni Mbena wa Njombe. Asubuhi akinikuta bombani ananisalimia "kamwene", mimi namjibu "onga mahundo", kila mtu na lugha ya kwao, basi tunacheka. Ana mimba, ya kwanza, imeshaanza kuonekana hata akijifunga kanga mbili.

Kuna jambo la huku ambalo mgeni hawezi kulielewa. Janeth hana namba ya kazi. Anachuma kwa namba ya mumewe, Bryson, aliyekwenda Mererani kutafuta mawe mwaka jana, akaja mara moja tu mwezi wa kumi na moja, akaondoka tena na hajarudi wala simu hapokei. Mnyapara, mzee Mbaraka, anajua. Karani wa mzani anajua. Wako wengi wanaochuma kwa namba za watu: mtu anasafiri, mtu anaugua, namba inabaki shambani inafanya kazi. Na chumba cha laini kinafuata namba. Kwa hiyo kwenye mzani wakiita Bryson, anaitika huyu mwanamke na tumbo lake, na hakuna anayegeuka kutazama.

Leo amechomwa dozi ya kwanza. Sista Dorothea aliyemchoma ana mdomo mchafu, nimemwogopa. Alimwambia, "Kaza huo mkono uone nitakavyokuvunjia sindano, halafu ukazae mtoto mwenye msumari." Janeth akacheka ndipo sindano ikaingia.

Mimi nikaandika. Namba ni ya Bryson kwa sababu ndiyo anayofanyia kazi. Kundi ni mjamzito kwa sababu mimba anayo. Nikaandika vyote viwili nikaona nimefanya vizuri.

Machi 28

Marta wa laini ya kwanza naye ana mimba, kubwa kuliko ya Janeth. Tulimwita kutoka dirishani aje achomwe. Akapiga kelele kutoka barabarani, "Mnichome niende nikazae mafua!" Watu wakacheka. Hakuja.

Aprili 2

Barabara ya kushuka Muheza imekatika. Hakuna mtandao. Sikuandika kitu, nimefagia zahanati mara tatu.

Aprili 5, Pasaka

Janeth ametuletea wali na kuku kipande kimoja, akisema yeye kipapatio kinamtosha. Twaha alikataa kula kwanza, aibu, halafu akala kuliko wote. Amelala na Ilham kifuani. Ningependa siku ziwe zinakaa hivi.

Aprili 9

Mvua. Kikohozi laini ya kwanza. Daktari anasema ni vumbi la chai. Vumbi gani na mvua hii.

Aprili 13, Jumatatu

Madai yamerudi. Si yote, ila mengi, na yote ni ya mkono wangu.

Daktari aliyafungua kwenye kompyuta akawa anasoma kwa sauti. "Abdulaziz, miaka sitini na mitano, ananyonyesha." Akageuka kunitazama. Akasoma lingine. "Bryson. Mwanaume. Mjamzito." Nilijua nimeharibu lakini Sista Dorothea alikuwa anapita na beseni, akaliweka chini, akakaa juu ya benchi akacheka mpaka akatoa machozi. "Mimba ya miezi mingapi huyo Bryson? Mwambieni aje kliniki na mwenzi wake!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa naona kazi yangu inakwenda.

Daktari hakunifukuza. Alivuta kiti akanieleza taratibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka zaidi yangu. Dozi ya pili ni chache wilaya nzima. Wataletewa kwanza walio hatarini: wazee, wenye kifua, wajawazito. Na wilaya haimjui mtu kwa sura, inamjua kwa madai yaliyokubaliwa. Jina lisiposomeka kabla mwezi huu haujaisha, dozi yake haitumwi.

"Sasa nifanye nini, daktari?"

"Rahisi. Hapo kwa Bryson toa mimba, weka mtu mzima. Yatapita leo leo."

Alivyosema toa mimba nilishtuka, mkono ukaenda wenyewe tumboni kwangu.

"Akiwa mtu mzima, dozi ya pili atapata?"

"Atapata awamu itakayofuata."

"Lini?"

"Nasra, mimi siyo waziri."

"Atakuwa hajajifungua?"

Akavua miwani akaifuta na koti. Nikauliza kama hakuna njia nyingine. Akasema ipo. Nimwandike Janeth kwa jina lake mwenyewe, kundi la wajawazito, huduma ya msamaha isiyolipiwa, haihitaji namba ya mtu yeyote. "Lakini marekebisho yote yanapitia ofisi ya shamba. Na ofisi itauliza, kama aliyechomwa ni Janeth, Bryson yuko wapi, na nani analala kwenye chumba chake."

Yale mengine yaliyorudi ni ya wake niliowaandika kwa namba za waume zao, na wanaume wapo, wanaitwa, wanakuja. Janeth peke yake ndiye hana wa kumwita.

Aprili 14

Nimemwambia. Alikuwa anachambua mchicha mlangoni kwake, Ilham yuko kwenye beseni anacheza na mabua. Nilieleza vibaya, nikarudia. Alipoelewa aliacha mchicha.

"Yaani nikitaka sindano nitoe chumba."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo, mama Ilham. Umezungusha lakini umesema." Akanitazama tumbo langu lisilo na kitu. "Wewe una mume anaingia jioni na buti zake. Mimi nina namba. Nikitoka humo nikazalie wapi, katikati ya michai?"

"Mafua yakikupata je?"

"Yakinipata nitakohoa ndani. Siyo nje." Akaendelea na mchicha. "Weka mtu mzima. Daktari si kasema."

Nikamwambia sawa. Sijui kwa nini machozi yalinitoka njiani, siyo mimi niliyeambiwa maneno mabaya wala siyo mimi niliyeyasema.

Aprili 15

Sijaweka.

Aprili 16

Mvua. Nimerekebisha ya mzee Abdulaziz na mkewe. La Bryson nimeliruka. Daktari hakuuliza.

Aprili 17, Ijumaa

Twaha anasema niweke tu mtu mzima. "Mwenyewe kataka. Ukijifanya unampenda kuliko anavyojipenda, utamtia kwenye matatizo na sisi tuingie humo humo." Nikamwambia yeye hajawahi kubeba mimba. Akasema na Bryson pia hajawahi. Tukacheka, halafu tukanuniana tena. Anaogopa kazi ya kiwandani. Nimeolewa na mwoga, nilifikiri hivyo, na nimeliandika hapa ili kesho nilisome nione kama ni kweli.

Aprili 18

Ilham ana jino. Sijaweka.

Aprili 21

Kikohozi kimefika kwetu laini ya tatu, vyumba vya mwisho. Usiku ukuta unapitisha kila kitu. Janeth haongei nami ila Ilham bado anampokea, anamchukua mikononi mwangu bila kunitazama.

Aprili 22, Jumatano

Marta ameletwa kwenye machela, amebebwa na wachumaji wanne na mwavuli mmoja ambao ulikuwa unamfunika miguu. Alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima amebeba gunia. Sista Dorothea aliyemcheka kila mtu alikata gauni kwa mkasi, akamwekea oksijeni, akapiga magoti pale chini kwenye tope la viatu vyetu akamshika mkono. "Marta, mama, nitazame mimi. Usitazame huko. Mimi."

Gari la shamba lilishuka naye saa tano. Mvua kubwa. Wamesema pale barabara ilipokatika walimshusha wakamvusha kwa mikono mpaka gari la upande wa pili.

Aprili 24, Ijumaa

Marta amefariki jana hospitali. Na mtoto wake, ambaye hakupata kutoka.

Nimeiandika mistari hiyo nikaacha, nikaenda kuchota maji, nikarudi. Nataka niandike vizuri kwa sababu nadhani hakuna mwingine atakayemwandika. Alikuwa mtu wa Kigoma. Alijua kucheka kwa sauti ya kusikika mpaka kiwandani. Hakuchomwa dozi hata moja kwa sababu alisikia itamdhuru mtoto, na mimi nilimwita mara moja tu kutoka dirishani, halafu nikarudi kwenye kompyuta.

Ndugu zake hawawezi kufika, mbali. Watu wa shamba ndio waliozika, makaburi ya juu kule kwenye mikaratusi. Udongo ulikuwa uji, wanaume walikuwa wanateleza, jeneza likawa linashuka upande mmoja. Mwinjilisti alisoma kwa haraka kwa sababu karatasi zilikuwa zinalowa. Sisi Waislamu tulisimama nyuma. Mzee Mbaraka mnyapara alikuwepo, amevua kofia, maji yanamtiririka kwenye upara, na nilishangaa kuona analia. Nilikuwa nikifikiri ni mtu wa kuhesabu makapu tu.

Wakati wa kushuka Janeth alinishika mkono. Tope linateleza, nilidhani ni kwa ajili hiyo. Tulishuka hivyo mpaka kwenye bomba. Pale akasimama.

"Mama Ilham, ulishaweka?"

"Sijaweka."

"Nilikwambia uweke."

"Najua."

Akakaa kwenye ukingo wa bomba, tumbo liko kwenye mapaja. Hakulia. Alikuwa anatazama viatu vyake, ndala moja imekatika, ameishika mkononi. "Nilikuwa nafikiri chumba ndicho kitakachomzaa huyu mtoto," akasema. "Kumbe ni mimi. Marta ana chumba kizuri laini ya kwanza, kina saruji, sasa hivi kimefungwa kufuli." Akanipa mkono nimwinue. "Andika. Janeth Mgaya. Baba yangu ni Mgaya. Usikosee."

Aprili 27, Jumatatu

Nimeandika. Nilikosea, nikafuta mara mbili. Janeth Mgaya, mjamzito, msamaha, dozi ya kwanza. Nikampelekea daktari asaini. Akasoma mpaka mwisho, akarudia tangu mwanzo. Nilimwona kwa mara ya kwanza ni mzee. Siku zote nilidhani hataki kwa sababu ni mkali.

"Mwaka kesho nastaafu, Nasra," akasema. "Nilitaka nistaafu bila kuitwa ofisini."

Nikasimama. Nikafikiri atanirudishia. Kalamu yake haikuandika, akaisugua kwenye kiganja, bado, akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama. Nikampa yangu.

Aprili 29

Imekubaliwa. Niliisoma, nikamwita Sista Dorothea aisome naye, nisije nikawa naota.

Mei 1

Sikukuu ya wafanyakazi. Hotuba kiwandani, soda. Mvua ikawafukuza.

Mei 4, Jumatatu

Ofisi imeuliza.

Mzee Mbaraka alikuja jioni, Janeth hajavua hata kapu. Alisimama nje ya mlango, hakuingia, akawa anaongea na fremu ya mlango. "Binti, mimi siyo mbaya. Nimekuficha mwaka mzima. Lakini ofisi ikiuliza kwa maandishi mimi nijibu nini? Bryson hayupo. Chumba kina mtu mwingine anakihitaji. Namba imefungwa."

"Leo?" Janeth akauliza.

"Kesho asubuhi. Nimeomba kesho. Walitaka leo."

Sista Dorothea alikuwa anapita kwenda kwake, akasimama na mwavuli wake uliovunjika mbavu. "Mzee Mbaraka, kumbe unajua kufukuza! Basi Bryson akirudi mwambie mimba yake imehamishiwa kwako, uje kliniki kila Jumanne, na mkojo wa kupima uje nao."

Watu waliocheka walicheka. Mzee hakucheka, alisema tu, "Dorothea, na wewe una watoto," akaondoka. Sikumchukia. Ningependa kumchukia, ingekuwa kazi rahisi.

Mimi nilikuwa nafikiri nitamwambiaje Twaha. Chumba chetu ni kimoja. Alirudi, nikaanza, "Baba Ilham, naomba usikasirike." Hakuniacha nimalize. Alishasikia kiwandani. Alitoka hivyo hivyo na buti, nikamsikia anagonga kwa Janeth, akarudi amebeba godoro kichwani, amelikunja, limelowa upande mmoja. Akaliegemeza ukutani karibu na jiko, akatoka tena kufuata sufuria. Safari ya tatu nikamuuliza kama haogopi tena ofisi.

"Naogopa," akasema. "Shika hapo, zito."

Nilirudi nyuma kusoma nilichokiandika siku ile ya Ijumaa, kwamba nimeolewa na mwoga. Sikukifuta, lakini nimeandika pembeni kwamba siyo kweli. Au ni kweli na bado alibeba.

Mei 5

Tuko wanne kwenye chumba. Twaha amelala kwa rafiki yake kiwandani ili sisi wanawake tupumue. Asubuhi amekuja kuoga kama mgeni, amepiga hodi mlangoni kwake mwenyewe.

Mei 7

Janeth alikwenda kuomba kibarua kwa jina lake. Wamemwambia hawachukui wajawazito. Mwaka mzima wamepima kapu lake.

Twaha ndiye aliyewaza kumpeleka Mlalo, kijijini kwetu. Mama yangu yuko peke yake na makabichi yake, na huku kwetu Usambaa mtoto wa kwanza mwanamke huenda kumzalia kwa mama yake. Wa Janeth yuko Njombe kitandani, miguu imepooza. "Mama yako si mama?" akasema Twaha. Nikampigia. Nilidhani nitalazimika kubembeleza, nimuelezee dini, kabila, Bryson, ofisi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Anakula bada?"

Nikamuuliza Janeth anakula ugali wa muhogo. Akasema atajifunza.

"Kasema atajifunza, mama."

"Basi aje baada ya sindano yake. Na wewe mwanangu, hongea." Hongea ni asante kwetu. Sikuelewa ananishukuru nini, yeye ndiye anayebebeshwa mtu.

Mei 9

Dozi hazijafika. Daktari anasema wiki ijayo. Mvua.

Mei 11

Hazijafika. Wanakohoa vyumba viwili tu kutoka kwetu. Janeth anakaa ndani na Ilham, dirisha wazi, baridi inaingia. Usiku namsikiliza anavyopumua. Sasa nasikiliza watu wawili badala ya mmoja.

Mei 12, Jumanne

Boksi la baridi limekuja kwa bodaboda saa nne asubuhi, limefungwa kwa mpira juu ya kiti kama jogoo wa sokoni. Kijana wa bodaboda tope mpaka masikioni. Daktari akafungua, akatoa orodha ya wilaya, akaipitisha kidole. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, siwezi kusoma kwa sababu macho yalikuwa yanakimbia. Kidole kikasimama.

"Yupo," akasema.

Nilikimbia mpaka laini ya tatu na ndala mkononi. Janeth alikuwa anafua nepi za Ilham. Hakuuliza, alinitazama tu kama anavyotazamwa mtu anayekimbia, akafuta mikono kwenye kanga.

Sista Dorothea hakumtisha safari hii. Alimshika bega akalipapasa kwanza, kwa muda, kama anatafuta mahali pazuri, na ni bega hilo hilo la siku zote. "Haya, Mgaya," akasema. Sindano ikaingia. Janeth hakufumba macho. Nikaketi kuandika. Namba ya kazi nikaacha wazi, inaruhusiwa. Makazi: nikaweka chumba chetu. Daktari alipita nyuma yangu, akaona, akaenda kunawa mikono.

Keshokutwa Twaha atamsindikiza mpaka Muheza, kutoka hapo atapanda basi, atapokelewa Lushoto na mdogo wangu. Daktari amesema mwili unataka wiki mbili ndipo dozi ishike sawasawa, hivyo mama ameambiwa asimpeleke kwenye mikusanyiko, wala msibani, wala sokoni. Mama kasema na makabichi nayo hayataenda sokoni wiki mbili, sawa.

Niliporudi mchana nilimkuta Janeth amelala. Godoro liko chini, amelalia ubavu usiouma, mkono wa sindano ameuweka juu ya tumbo. Ilham yuko pembeni yake naye amelala, ameshika kidole cha Janeth. Mvua inanyesha. Honi ya kiwandani ikalia ya zamu ya mchana, ile honi inayowainua watu wote wa laini hata wagonjwa, na nikaogopa itamwamsha. Akasogeza mguu tu. Nikarudisha mlango taratibu, nikakaa kizingitini nisafishe mchele.